Kuku, Mamba na Sisi Mabinti Watano

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Kiptere

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wasomaji wapenzi, ziko nyumba ambamo mgeni mchanga hufika na mwenyeji asipate kupona. Badala yake mama aliyemzaa ndiye huanza kuugua moyoni. Swali la kwanza huwa, "Ni msichana au ni mvulana?" Jibu likiwa ni msichana, na wa kabla yake alikuwa msichana, na wa kabla ya huyo vilevile, basi macho yote humgeukia mama kana kwamba alikwenda sokoni akachagua bidhaa mbaya.

Mimi ni binti wa nne katika mabinti watano. Kaka hatuna. Siandiki makala haya ili nilie, la hasha! Naandika kwa sababu mwaka huu, katika somo la Bayolojia, tulifika mada ya jenetikia na baadaye mageuko ya viumbe, na nikaona kwamba mambo tunayoyakariri kwa ajili ya mtihani yana kazi kubwa huko nyumbani. Swali langu ni moja: ni nani hasa huamua kama mtoto atakuwa wa kike au wa kiume?

Kwetu kijijini jibu lilikuwa limeshatolewa zamani. Watu husema watoto ni majaliwa ya Mungu, na papo hapo wanamlaumu mama. Alipozaliwa dada yetu wa mwisho, wazee fulani wa ukoo walikuja kuonana na baba. Sisi wasichana tulitumwa tukachune majani chai. Lakini shamba letu la chai limepakana na nyumba, na sauti ya mzee aliyekasirika haijui ukuta. Walisema nyumba isiyo na mwana wa kiume ni jiko lililozimika. Walisema baba bado ana nguvu, na wanawake hawajaisha duniani. Baba alinyamaza kimya. Mama alikuwa jikoni akiwapikia chai, na chai hiyo waliinywa yote.

Basi tuanze na sayansi inavyosema. Ndani ya seli za mwanadamu mna kromosomu 46, yaani jozi 23. Jozi moja ndiyo inayohusika na jinsia. Kwa kawaida mwanamke ana X mbili, na mwanamume ana X moja na Y moja. Kwa hiyo yai la mama daima hubeba X, maana hana kingine cha kutoa. Mbegu za baba ndizo zenye mchanganyiko: nusu zina X, nusu zina Y. Ikifika ya X, mtoto ni wa kike. Ikifika ya Y, mtoto ni wa kiume.

Jambo hili halikugunduliwa kwa watu kwanza, bali kwa wadudu. Mwaka wa 1905 mtafiti mmoja wa Marekani, mwanamke aitwaye Nettie Stevens, alichungulia kwa hadubini seli za funza wa unga. Akaona kwamba dume ana kromosomu moja ndogo kuliko mwenzake, na jike hana hiyo ndogo. Mwaka wa 1990 wanasayansi mjini London walitambua jeni iliyo juu ya Y, wakaiita SRY. Mwaka uliofuata waliitia jeni ya namna hiyo katika kijusi cha panya chenye X mbili, na panya yule akakua kuwa dume.

Likizo ilipofika nilimwendea kogo, mama yake baba, nikamweleza haya yote huku tukipukusa mahindi. Kogo hakusoma shule, lakini akili yake ni wembe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamtazama kuku wake aliyekuwa ameatamia mayai pale pembeni.

"Na huyu je?" akauliza. "Vifaranga vyake vya kike na vya kiume, huviamua jogoo?"

Swali hilo nililibeba hadi shuleni, na mwalimu wetu wa Bayolojia akanifungulia mlango mpana kuliko nilivyotarajia. Kumbe kwa kuku mambo ni kinyume! Jogoo ana kromosomu mbili zinazofanana, ziitwazo ZZ. Kuku jike ndiye mwenye mbili tofauti, Z na W. Mbegu ya jogoo daima hubeba Z. Yai ndilo hubeba Z au W. Kwa hiyo kwa kuku, na kwa ndege wote, mama ndiye mwenye kura. Wapo wasemao kwamba yai lililochongoka hutoa jogoo, lakini shauri hilo huwa limekwisha kukatwa kabla ganda halijafungwa.

Kisha kuna mamba. Mamba hana X wala Y, hana Z wala W. Kromosomu za dume na za jike ni sawa. Jike hufukia mayai mchangani, nayo hukaa humo karibu miezi mitatu, na joto la mchanga ndilo huamua. Kwa mamba wa mito na maziwa yetu, tuseme wa Turkana au wa Ziwa Victoria kule mto Sondu unakomwaga maji yake, mayai yaliyokaa kwenye joto la nyuzi 30 hivi hutoa majike. Joto likifika karibu 32 au 33, madume huwa wengi. Likizidi zaidi, majike hurudi. Si mama, si baba. Ni jua na kina cha shimo.

Na hebu tujivunie kidogo: habari hii ya joto kuamua jinsia ya mtambaazi iliripotiwa kwanza kutoka bara letu la Afrika. Mwaka wa 1966 mtafiti Madeleine Charnier, akifanya kazi mjini Dakar, Senegal, alieleza kwamba mayai ya mjusi mwenye kichwa chekundu yalitoa majike au madume kulingana na joto yalimowekwa. Yule mjusi wetu wa Kenya anayeota jua juu ya mawe, akitikisa kichwa kama mtu anayekubali kila neno, ni wa jamaa hiyo hiyo. Kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa ni mmoja na yule wa Afrika Magharibi, mpaka wataalamu wakamtenga.

Sasa msomaji ataniuliza: kuku na mamba wana uhusiano gani hata uwaweke mstari mmoja? Wana uhusiano mkubwa. Ndugu wa karibu wa mamba aliye hai leo si mjusi, wala si kenge, wala si nyoka. Ni ndege! Mamba na kuku wa kogo walitokana na mzee mmoja aliyeishi yapata miaka milioni 240 iliyopita. Dinosau nao walitokea katika ukoo huo, na ndege ni kizazi cha dinosau.

Watu walijuaje, na hakuna aliyekuwako? Nitaeleza kwa mfano wa darasani. Mwalimu akisahihisha mtihani, na wanafunzi arobaini wakawa wameandika jibu sahihi, hashuku kitu. Jibu sahihi ni la wote. Lakini wawili wakiandika kosa moja la ajabu, na herufi zilezile zimekosewa, mwalimu anajua mara moja kwamba hao walinakili mahali pamoja. Ndivyo wanavyofanya wataalamu wa nasaba za viumbe. Sifa ya kale iliyoenea kwa wengi, kama magamba na miguu minne, haithibitishi undugu wa karibu. Kinachothibitisha ni sifa mpya inayopatikana kwa wachache tu. Kanuni hiyo ilifafanuliwa na Mjerumani Willi Hennig katika kitabu chake cha mwaka wa 1950. Na Darwin kabla yake, katika kitabu chake cha 1859, alichora mchoro mmoja tu, nao ulikuwa mti wenye matawi.

Kwa mfano, moyo wa mjusi una vyumba vitatu, wa mamba una vinne, wa kuku una vinne. Utasema, mbona na wetu una vinne? Kweli, lakini nasaba yetu ilivipata kwa njia yake yenyewe. Ndiyo sababu mtaalamu hategemei sifa moja. Hukusanya nyingi: mifupa, visukuku, na siku hizi herufi za DNA, ambazo ni nne tu, A, C, G na T. Kompyuta hupanga miti mingi sana ya ukoo na kuipima, ili kupata ule unaoeleza tofauti hizo vizuri zaidi bila kulazimisha mabadiliko mengi yasiyo na sababu.

Kazi hii hutoa mambo ya kushangaza. Mwaka wa 2011 watafiti walisoma DNA ya mamba walio hai, na hata ya maiti za mamba zilizokaushwa na Wamisri wa kale. Wakakuta kwamba yule tuliyemwita mamba wa Nile kumbe ni aina mbili, na kwamba huyu wa kwetu mashariki ana undugu wa karibu zaidi na mamba wa Amerika, ng'ambo ya bahari, kuliko na mwenzake wa Afrika Magharibi. Sisi Wakipsigis tunaelewa jambo kama hili. Kila ukoo kwetu una mnyama wake, na unaweza kukutana na mtu mgeni kabisa huko Bomet, mkatajiana ukoo, ikabainika kwamba ni ndugu yako, ilhali jirani wa mpakani si wenu.

Basi chukua mti huo wa nasaba, kisha katika kila tawi andika jinsi mtoto anavyoamuliwa. Wee! Utaona maajabu. Ndege: mama. Mamba: joto. Kasa wa baharini: joto. Baadhi ya kobe wa maji: baba, kwa X na Y. Swila na kifutu: mama. Lakini mwaka wa 2017 ilibainika kwamba aina moja ya chatu wa Asia hufuata njia ya baba. Vinyonga wamegawanyika, wengine kwa baba na wengine kwa mama. Kuna mjusi wa Australia mwenye Z na W, lakini yai la dume likipata joto kali, lile dume huzaliwa jike. Hata katika wanyama wanyonyeshao yuko mmoja wa Australia atagaye mayai, mwenye kromosomu kumi za jinsia badala ya mbili.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba uamuzi huu umepita mkono hadi mkono mara nyingi katika historia ya viumbe. Si alama ya heshima ya mama wala ya baba. Tena chini ya tofauti hizo mna vifaa vya zamani vinavyotumiwa na wengi. Iko jeni iitwayo DMRT1. Kwa kuku iko juu ya Z, na mwaka wa 2009 watafiti walipoipunguza nguvu katika vijusi vya majogoo, viungo vyao vya uzazi vilielekea kuwa vya kike. Mwaka wa 2018 ikaelezwa kwamba kwa kobe mmoja wa maji wa Amerika, ubaridi huamsha jeni nyingine, nayo huamsha hiyo hiyo DMRT1, na mtoto huwa dume. Sisi wanadamu pia tunayo. Kufuli ni lilelile, funguo ndizo tofauti.

Wale wanaotegemea joto wana hatari yao. Kasa wa baharini, wakiwamo wale wanaotaga kwenye fukwe za Watamu, hutoa majike zaidi mchanga ukiwa moto na madume ukiwa baridi. Mpaka ni kama nyuzi 29. Mwaka wa 2018 watafiti walitangaza kwamba kasa wachanga waliotoka upande wa kaskazini wa Mwamba Mkuu, ambako kuna joto zaidi, asilimia 99 walikuwa majike. Dunia inapozidi kupata joto, ukoo mzima unaweza kukosa madume. Hilo ndilo tatizo la kweli la kukosa wana wa kiume, na hata hilo kosa si la mama kasa.

Nilirudi kwa kogo na majibu yangu. Akacheka sana habari ya mamba kuwa nduguye kuku wake, akasema sasa ataanza kumwogopa. Kisha akaacha kucheka.

"Lakwet," akasema, "kwa hiyo kwa watu ni baba. Sasa unataka tuache kumlaumu mama yako tuanze kumlaumu mwanangu?"

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya, wasomaji wapenzi. Nilimjibu hapana. Baba hutoa mbegu, lakini hachagui. Ni sawa na kurusha sarafu. Rusha mara tano, na uwezekano wa kuangukia upande mmoja ulioutaja tangu mwanzo mara zote ni mara moja katika 32 hivi. Basi kila penye familia 32 zenye watoto watano watano, tarajia kama moja ya wasichana watupu na kama moja ya wavulana watupu. Hakuna laana, hakuna uchawi, hakuna mkosaji. Kuhamisha lawama kutoka bega moja hadi jingine hakuondoi mzigo nyumbani. Mzigo utuliwe chini.

Kogo alikaa kimya, akapukusa bunzi zima, ndipo akasema, "Hayo mwambie baba yako. Mimi ni mzee, nimeshasikia."

Lakini binti humwanziaje babake maneno kama hayo? Sikujua. Aliyenisaidia ni ng'ombe. Siku moja daktari wa ng'ombe alikuja kwa pikipiki na mtungi wake wa baridi, akauliza, "Mzee, niweke mbegu ya kawaida au ya mtamba?" Baba akasema ya mtamba, ingawa bei yake iko juu. Nikauliza, mbegu hujulikanaje kuwa ni ya mtamba? Daktari akaeleza vizuri: mbegu ya fahali yenye X ina DNA zaidi ya ile ya Y kwa karibu asilimia 4. Hutiwa rangi, humulikwa kwa mwanga maalumu, na mashine huzitenga. Katika ndama kumi, kama tisa huwa mitamba.

Baba akamtazama. "Kwa hivyo ni fahali anayeleta?"

"Ni fahali, mzee. Ng'ombe jike ana aina moja tu ya kutoa."

Baba alilipa pesa bila kusema neno. Lakini jioni aliniita, akaniambia nirudie maneno ya daktari mbele ya mama, polepole. Niliyarudia, nikaongeza na ya watu. Mama aliuliza swali moja tu: "Hayo yameandikwa?" Nikamletea kitabu. Akaweka kidole juu ya ile X, kisha juu ya ile Y, akakaa hivyo kwa muda.

Tafakari nami jambo hili. Kwa ng'ombe tunalipa pesa zaidi ili tupate jike, na akizaliwa tunashangilia. Kwa mtoto tunanuna. Najua sababu ni ardhi na jina. Mila yetu ilijaribu kuitafutia nyumba isiyo na mwana njia yake, hata mwanamke akaruhusiwa kuoa mwanamke mwenzake ili nyumba isizimike. Nawaheshimu waliofanya hivyo. Lakini Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, na Katiba ya 2010, hazikumfungia binti mlango wa urithi wa babake. Na kuhusu jina, mkumbukeni Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, aliyemwacha mkewe wa kwanza kwa kukosa mrithi wa kiume. Binti yake Elizabeth alikuja kutawala kwa miaka 44, kuanzia 1558 hadi 1603, na jina la baba halikupotea.

Wale wazee walirudi tena. Baba aliwakaribisha, akawaeleza kisa cha mtamba, nao wakasikiliza kwa makini maana kila mmoja ana ng'ombe. Mmoja akauliza tena lile swali la nyumba. Baba akajibu, "Nyumba yangu ina watoto watano." Hakuongeza. Safari hii chai ilipoletwa, mama aliketi akanywa pamoja nao.

Wanafunzi wenzangu, tusiziache X na Y ubaoni. Wavulana, kesho mtakuwa waume. Wasichana, kesho mtakuwa akina mama na akina shangazi, na ulimi wa shangazi huuma zaidi. Mtoto akizaliwa jirani, swali la kwanza liwe, "Mama yu salama?" Kwa haya machache naweka kalamu chini.